Mega Zilizoingia Usiku

Mama huyo alinikuta langoni kabla ya kengele ya asubuhi, akaninyooshea simu hata salamu haijaisha. "Mwalimu, hii mega inatoka wapi?" Kwenye skrini iliyopasuka pembeni kulikuwa na ujumbe mfupi wa kampuni ya simu ukimjulisha kwamba amepokea kifurushi cha intaneti kutoka kwa namba asiyoifahamu. Juu yake kulikuwa na ujumbe mwingine kama huo wa siku 2 kabla, na mwingine wa wiki iliyotangulia, zote zikiwa zimeingia baada ya saa tatu usiku. Mumewe anafanya kazi katika mji wa Kolwezi, na alipompigia kumuuliza alikana. Binti yao, anayeketi safu ya tatu katika darasa langu la tano, alisema hajui chochote. Mazungumzo ya WhatsApp alikuwa ameyafuta yote, lakini mtoto wa miaka 10 angejuaje kwamba ujumbe wa kampuni hukaa mahali pengine katika simu ileile?

Ninaandika baada ya miezi mingi, kwa ruhusa ya mama huyo, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtoto nimeyaacha nje. Ninaandika kwa sababu katika kila mkutano wa walimu ninaohudhuria hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), usalama wa watoto mtandaoni huzungumzwa kana kwamba ni suala la kuwanyang'anya watoto simu. Shule yetu ilikuwa imekwisha kuzikataza. Hakuna mwanafunzi anayevuka lango akiwa na simu, na tangazo la katazo hilo limebandikwa penye macho ya watu wote. Mtu aliyekuwa akituma mega zile alipita katika mlango tulioufungua sisi watu wazima, na mimi ni mmoja wa waliouacha wazi.

Kundi la WhatsApp la wazazi lilianzishwa mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na watoto waliporudi hatukulivunja. Tulikuwa na sababu. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi katika shule za umma ilipofanywa bure, madarasa yamefurika. Langu lina watoto 68, na kuwasubiri wote wanakili kazi ya nyumbani kutoka ubaoni kunakula nusu saa ya somo, wakati picha moja ya ukurasa wa kitabu ikitumwa kundini inamaliza kazi kwa sekunde chache. Wazazi wapya walipoongezeka, tuliandika kiungo cha kundi kwenye karatasi na kuibandika langoni, karibu na mahali ambapo mama mmoja huuza maandazi. Yeyote aliyesimama kununua maandazi angeweza kuingia.

Mtuma mega aliingia kundini mwezi wa Oktoba. Alijiita "Baba" na jina la mtoto ambalo katika darasa langu linabebwa na watoto 4, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa, nami msimamizi wa kundi sikumuuliza ni baba wa yupi kati yao. Akakaa kimya. Mwezi wa Desemba, matokeo ya muhula wa kwanza yalipotangazwa, nilipiga picha ya watoto 10 wa kwanza wakiwa wamevaa bluu na nyeupe, nembo ya shule ikionekana vizuri kifuani, kisha chini ya picha nikaandika jina kamili la kila mmoja na asilimia yake. Nilijivunia, sitakataa. Akina mama wakajibu kwa furaha: asante mwalimu, huyo wa pili kutoka kushoto ni binti yangu. Kwa jibu hilo moja namba ya simu iliunganishwa na uso, na uso ulikwisha kuunganishwa na jina, darasa na mtaa. Katika kundi la WhatsApp kila mwanachama huona namba za wenzake; hahitaji ujuzi wowote wa kompyuta.

Ujumbe wake wa kwanza kwa mtoto ulisema: "Hongera kwa asilimia 74." Niliposimuliwa hivyo niliona aibu ambayo bado sijaimaliza, kwa maana hizo 74 niliziandika mimi.

Mtoto aliishika simu ya mama yake jioni ili asome kazi ya nyumbani, kama nilivyomwagiza. Mtu huyo alijitambulisha kuwa rafiki wa mwalimu. Alituma mega, akaomba picha ya mtoto akiwa na sare, akaipata. Akatuma mega nyingine, akaomba picha ya pili, na safari hii akaongeza kwamba mama asiambiwe, la sivyo mega zitakoma. Hapo ndipo mtoto alipoogopa. Hakutuma, akafuta kila kitu, akanyamaza.

Kuna jambo katika habari hii ambalo walimu wenzangu hulipita haraka. WhatsApp na TikTok zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti, na baadhi ya mitandao ina vizuizi maalumu kwa akaunti za vijana. Mtoto huyu hakuwa na akaunti. Mbele ya programu, aliyekuwa akiandika ni mwanamke mwenye miaka 38, na hakuna kizuizi ambacho kingewashwa kwa ajili yake. Katika parseli nyingi, yaani viwanja vya makazi, za jiji hili simu ni moja kwa nyumba nzima, nayo hufika mkononi mwa mtoto usiku, umeme unaporudi na betri kupata uhai, saa ambayo mama ameshachoka. Mashauri mengi yanayotufikia kutoka nje yameandikwa kwa mtoto mwenye simu yake na mzazi mwenye yake.

Shule ilipopata habari, ilianza vibaya. Mtoto aliitwa ofisini, akaulizwa mbele ya watu wazima 3: "Na wewe ulimjibu kwa nini?" Alitazama viatu vyake. Kabla ya jua kuzama alikuwa amesimulishwa habari ileile mara 3, na kila msikilizaji alikuwa na lawama yake. Kwa siku 4 zilizofuata hakunyoosha mkono darasani hata mara moja. Siku ya tano nilimwomba mama yake tuketi sisi watatu chini ya mwembe, nikamwambia mtoto kwamba kosa lilikuwa langu kwa kuweka jina lake pale, na kwamba kuacha kutuma ile picha ya pili lilikuwa jambo la akili sana. Habari yote niliyoieleza hapo juu ilitoka baada ya maneno hayo, kidogo kidogo, kwa muda wa wiki 2.

Palikuwa pia na sauti zilizotaka mambo yaishe kimya, kwa heshima ya shule na kwa kuwa, walisema, hakuna kilichotokea. Nilisimama upande wa mama. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inaadhibu vikali utengenezaji na usambazaji wa picha za ngono zinazomhusu mtoto, na haimruhusu mwenye mamlaka juu ya mtoto kuona unyanyasaji akafunga mdomo. Tangu Machi 2023 nchi ina pia sheria kuu ya mambo ya kidijitali. Kuzungumza na familia kando ya sheria ni desturi yetu ya zamani, na mara nyingi anayelipia desturi hiyo ni mtoto.

Mama alikwenda polisi, kwenye kitengo kinachohusika na ulinzi wa watoto, nami nilimsindikiza. Alichokuwa nacho mkononi ni zile jumbe 3 za kampuni ya simu, zenye namba, tarehe na saa. Mazungumzo yalikuwa yamekwenda. Namba ilisajiliwa kwa jina la mtu ambaye hakuwa na habari, jambo lisiloweza kumshangaza yeyote aliyewahi kununua kadi ya simu chini ya mwavuli barabarani. Faili iko wazi hadi leo, na namba ile haipatikani.

Ndiyo maana sasa huwaambia wazazi wasifute kitu, hata kama hasira inawaka. Kwanza zipigwe picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na maneno. Baada ya hapo ndipo mtu azuiwe na kuripotiwa ndani ya programu yenyewe, kwa kuwa kuripoti huipelekea WhatsApp jumbe 5 za mwisho alizotuma. Mpangilio huo una maana, maana wengi hubonyeza kuzuia pamoja na kufuta kwa mpigo mmoja na kubaki mikono mitupu. Ikiwa kuna picha mbaya ya mtoto, isitumwe kwa mtu mwingine hata kwa nia ya kuonya, kwa sababu anayeituma anaisambaza. Simu yenyewe ipelekwe polisi. Ipo pia huduma ya Take It Down, iliyofunguliwa Marekani mwaka 2023, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha kuondoka kwenye simu, ili mitandao iliyokubali kushiriki iweze kuitambua na kuiondoa. Lakini haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp.

Kundi letu lipo bado. Karatasi ya langoni niliibandua mwenyewe, kiungo cha zamani kikafutwa kwa kuwekwa kipya, na kila anayeomba kuingia husubiri idhini, ambayo sitoi kabla sijamwona mzazi uso kwa uso na kuandika namba yake katika daftari. Wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe. Watu 11 waliondolewa siku ya ukaguzi kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ni wazazi wa nani. Huenda 9 kati yao walikuwa shangazi na wajomba wema, na wawili walikuja kunigombeza. Matokeo hayatumwi tena. Mzazi huja kuchukua karatasi ya mtoto wake, na foleni ni ndefu, na malalamiko ni mengi.

Darasani, katika kipindi cha elimu ya uraia, niliwauliza watoto tofauti kati ya siri ya zawadi ya sikukuu na siri ambayo mtu anakutaka uifiche milele. Mvulana mmoja wa nyuma alijibu kwamba ya kwanza ina siku yake ya kutoka. Sikuwa na la kuongeza, nikaliandika jibu lake ubaoni. Kisha wakaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: je, mjomba akiomba picha? Je, mwalimu akiomba? Nilijibu kwamba hata mwalimu, na kwamba mimi pia sina ruhusa ya kumpigia mtoto picha kwa simu yangu bila mzazi wake kujua. Wakacheka, maana waliikumbuka ile ya Desemba.

Wiki iliyopita nilipita kwao mama yule kumrudishia daftari la binti. Mtoto alikuwa amekaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, karibu na mama yake aliyekuwa akisonga bukari, yaani ugali, simu ameiegemeza kwenye sufuria tupu, skrini ikitazama upande ambao mama anaweza kuisoma bila kuinuka. Alikuwa anafanya hesabu za sehemu. Ya nne alikuwa ameikosea.