Siku moja gulioni: kusaka cherehani na zana kuukuu

Saa 10 usiku. Mfuko unapangwa: tochi ya kichwani, sumaku ndogo, kioo cha kukuzia, futi, bisibisi, kichupa cha mafuta ya cherehani, matambara na noti ndogo ndogo. Alfajiri muuzaji hana chenji, na mali nzuri haisubiri mtu atafute. Napima pia nafasi ya nyuma ya gari na kuandika vipimo, maana kabati lisiloingia garini ni hela iliyolala.

Saa 11 alfajiri. Wauzaji wanashusha mizigo. Mzunguko wa kwanza ni wa macho tu: nafuata safu hadi mwisho, narudi na inayofuata, sipekui masanduku. Nasimama panapoonekana chuma kizito au meza ya cherehani. Tochi naielekeza ubavuni mwa kitu, si usoni. Mwanga wa ubavu hutia kivuli kwenye ufa, na hata palipozibwa kwa gundi na kupakwa rangi hujitokeza.

Saa 12 na nusu. Kumepambazuka, sasa ni kukagua. Cherehani haiharakishwi. Nazungusha gurudumu kuelekea kwangu, polepole. Likigoma kabisa, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Mafuta mapya na subira ya siku kadhaa huyalegeza. Likizunguka lakini likakwama palepale kila mzunguko, kuna uzi uliojisokota chini au jino lililovunjika, basi naomba ruhusa niilaze nione. Kisha natazama kama sindano inashuka katikati ya tundu na kama meno ya kusukuma kitambaa yanapanda. Mwisho ni kikasha cha bobini, yaani kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Ndicho kinachopotea sana, na kwa mashine za zamani zenye kikasha chenye umbo la mtumbwi, kupata kingine ni kazi kubwa. Mashine ikiwa ya umeme, nakunja waya taratibu: mpira ukipasuka, haichomekwi popote, hata muuzaji aape kwamba jana ilikuwa inashona.

Kikaango cha chuma nakining'iniza kwa kidole na kukigonga kwa kifundo. Kizima hulia kwa muda, chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Kutu ya juu juu husafishika. Chini pakiwa pameliwa mashimo, nakiacha.

Saa 3 asubuhi. Kupatana bei. Navikusanya vitu vitatu vinne vya muuzaji mmoja, nauliza bei ya vyote kwa pamoja. Sianzi kupatana kitu ambacho sina nia ya kukichukua. Wauzaji hukumbuka sura. Kwa vito, sumaku husaidia kukataa tu: ikivuta, si dhahabu wala fedha tupu. Isipovuta bado haijathibitisha kitu, kwa kuwa hata shaba haivutwi. Kioo ndicho kinachosoma mihuri: 925 ni ya fedha, 585 ni dhahabu ya karati 14, 750 ya karati 18. Nayo mihuri hughushiwa.

Saa 5. Mizigo ya kwanza inapelekwa garini. Santuri haziachwi humo juani, zitapinda. Zinasimamishwa wima kivulini. Kilicholipiwa na kuachwa kwa muuzaji kinaandikwa pamoja na namba ya safu.

Saa 6 mpaka saa 8 ni jua na msongamano. Napumzika.

Saa 8 na nusu mchana. Wauzaji wanaanza kufungasha, na asiyetaka kurudi na kabati hushusha bei. Samani naigonga juu ya karatasi nyeupe: unga mpya uliokolea weupe ukidondoka kutoka kwenye vitundu, wadudu bado wanakula. Viti vya kitambaa nakagua mishono yote. Vidoa vyeusi vidogo vikikusanyika pamoja ni dalili ya kunguni, na kiti hicho hakipandi gari langu kwa bei yoyote.

Saa 10 jioni. Kupakia. Cherehani ya miguu haibebwi nzima: navua mkanda, nalegeza skrubu mbili zinazoshika bawaba, kichwa kinatoka na kufungwa blanketi peke yake. Anayeinua meza na kichwa juu yake huvunja bawaba, na chuma hicho cha kalibu hakichomeleki kirahisi. Vizito vinakaa chini, karibu na kiti cha mbele, vikiwa vimefungwa kamba.