Pesa au bati?

Wiki iliyopita tulisimama mbele ya jopo la chuo na programu tuliyolitengenezea duka moja, tukahojiwa, tukapewa maksi zetu, na timu ikaishia pale. Mmoja ameshapanda basi kurudi Dar, mwingine yuko kwao Newala, na dada yetu mmoja ameanza kujitolea ofisi fulani Masasi. Niliyebaki hapa Mtwara mjini ni mimi, kwa hiyo simu zote za dukani zinaangukia kwangu. Nayaandika haya kabla hayajanitoka kichwani, kwa sababu ripoti tuliyokabidhi chuoni ni nene kweli, lakini jambo lililotukesha zaidi limepewa aya moja tu.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, upande wa Chikongola. Bati, saruji, nondo, misumari, rangi, bawaba, vitasa. Mwenye duka ni mama wa makamo, sisi tulimwita Mama tu, na anayekaa kaunta ni mpwa wake. Masharti ya chuo yalikuwa kila timu itafute biashara halisi na kuitengenezea programu. Wengi walikimbilia gesti, maana mfumo wa kupangisha vyumba unaeleweka haraka na mifano yake imejaa mtandaoni. Siwalaumu.

Upande wa mauzo na stoo haukutusumbua. Labda misumari tu, kwa sababu inauzwa kwa kilo, nusu na robo, na kompyuta haziaminiki sana kwenye desimali: iambie ijumlishe 0.1 na 0.2 ikupe 0.30000000000000004. Tukahifadhi uzito wote kwa gramu na pesa zote kwa shilingi kamili, tukalala.

Kazi ilikuwa kwenye daftari. Lile kubwa la jalada gumu, kona zimeshaliwa, ndani lina kipande cha kanga kinachoshika ukurasa wa leo. Kila mteja ana ukurasa wake, ila majina yenyewe ni shughuli. Huku kwetu akina Hamisi Saidi ni wengi, kwa hiyo Mama anaandika "Hamisi wa baiskeli", "Baba mapacha Nanguruwe", "Fundi wa Mikindani mrefu". Namba ya simu haisaidii, kwa sababu nyumba nzima inaweza kutumia simu moja, na anayekuja kulipa si lazima awe aliyekopa. Mara nyingi ni mjomba. Mama akikosea hafuti. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, anaandika sahihi chini yake. Hilo tulilichukua jinsi lilivyo: kwenye kanzidata yetu hakuna muamala unaofutika, kuna wa kurekebisha tu. Mwalimu wa uhasibu angefurahi.

Kwa asiyekaa kusini lazima nieleze kidogo daftari hilo linabeba nini. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unaingia ghala kuu, unapigwa mnada, na pesa inamfikia baadaye, siku hizi kupitia benki. Minada inaanza kama Oktoba. Kwa hiyo mwezi wa saba, wa nane, watu hawana kitu, wanakopa mifuko miwili ya saruji kuziba ufa. Ikifika Desemba pesa ipo, na pesa ya korosho ina miguu. Kuna unyago wa binti, ada, shemeji aliyesikia umelipwa. Anayetaka kuezeka nyumba haiweki ndani. Saruji nayo hainunuliki mapema, maana kwa unyevu huu wa pwani inaganda mfukoni. Dawa ni kuipeleka pesa kwa Mama mapema, kidogo kidogo, mpaka bati zitimie.

Sasa siku moja tupo pale nyuma ya kaunta na laptopu, akaingia mzee wa upande wa Nanguruwe. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Akamuuliza Mama: "Mwanangu, bati zangu zimefika ngapi?"

Mama akafunua. "Tisa, baba. Bado kumi na moja."

Mzee akatikisa kichwa, akatoa noti zake kwenye mfuko wa nailoni zikaongezwa, akaaga. Hakuuliza salio lake ni shilingi ngapi. Mwenzetu wa Dar, ambaye ndiye aliyekuwa ameandika sehemu ya amana, alikuwa ameishika laptopu mapajani, na kwenye skrini yake mzee yule hakuwa na bati hata moja. Alikuwa na shilingi.

Ubishi uliofuata ulituchukua hadi usiku, kwenye baraza la hosteli. Tuseme bati lilikuwa 25,000 mzee alipoweka 225,000. Hizo ni bati tisa. Bei ikipanda hadi 27,500, pesa ileile inanunua nane na kipande, na hakuna duka linalouza kipande. Ukihifadhi shilingi, hasara ni ya mzee. Ukihifadhi bati, hasara ni ya Mama, ambaye hajanunua bado bati hizo kiwandani. Pesa ya mzee ameizungusha kwenye saruji. Kila upande una mantiki yake, na programu inataka uchague mmoja.

Kesho yake tukamuuliza Mama mwenyewe sheria yake ni ipi. Akacheka. "Bei ikipanda kidogo nabeba mimi. Ikipanda sana tunakaa tunaongea." Kidogo ni kiasi gani? "Inategemea." Inategemea nini? Inategemea mtu ameweka kwa muda gani, msimu ulikuwaje, kama ana msiba, kama ni fundi ambaye atamletea wateja wengine. Mwenzetu wa Dar alikuwa anaandika yote kwenye simu akitafuta kanuni ndani yake, asilimia fulani, kikomo fulani. Ningeweza kumpa kanuni ya kubuni na Mama angeikubali kwa adabu, kisha angerudi kwenye daftari lake. Dada wa Masasi ndiye aliyesema tusiibuni.

Tulichofanya mwishowe ni hiki. Kila amana inahifadhi vitu viwili pamoja: shilingi zilizotolewa, na idadi ya bati kwa bei ya siku ile. Skrini inaonyesha vyote, na pengo likijitokeza baina yake inaonyesha pengo hilo kwa shilingi, basi. Haiamui. Chini yake kuna sehemu ya maneno matupu iitwayo Makubaliano, anapoandika Mama au mpwa wake walichoafikiana na mteja. Juzi nimechungulia, nimekuta: "Bei ya Desemba mpaka Idi, akizidi hapo tugawane."

Mtahini mmoja aliikamata sehemu hiyo mara moja. Akasema mfumo hauwezi kuwa na mahali pa "tutaongea", huo ni uzembe wa kuchambua mahitaji, mlitakiwa mumbane mteja awape kanuni. Tulipoteza maksi hapo, na mpaka leo sikubaliani naye. Mama ana kanuni, ila imekaa kwenye kumjua mtu, na kazi yetu ilikuwa kumwekea hesabu sahihi mezani kabla hajaongea. Maksi tulizipata kwenye grafu za mauzo zenye rangi, ambazo tangu tuziweke dukani sijaona mtu akizifungua.

Kwenye madeni hadithi inafanana, nitafupisha. Ripoti yoyote ya madeni inataka tarehe ya mwisho wa kulipa. Mkulima hana tarehe, ana msimu, na msimu nao hautabiriki. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ulichukua muda kabla watu hawajalipwa, na ukiangalia daftari la Mama la msimu ule unaona kurasa za mikopo zimeendelea mbele bila alama za malipo. Ingekuwa programu ya kawaida, nusu ya wateja wake ingewapaka rangi nyekundu. Kwa hiyo tuliondoa tarehe tukaweka msimu, na meseji za kukumbusha deni tukaziondoa kabisa. Mama alizikataa bila kubembelezwa: "Nikimtumia hiyo ataona nimemtangaza." Yeye anayemdai anampigia kumsalimia tu, aulize watoto hawajambo. Anayedaiwa anajua.

Kuhusu majina, kwenye wasilisho letu yote yalikuwa ya kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inatumika, lakini hata isingekuwepo, orodha ya nani ameweka kiasi gani kwa Mama ikivuja mtaa mzima utajaa mashemeji.

Seva, yaani kompyuta inayobeba programu yote, ni laptopu ya mtumba pale kaunta, mpwa anaifikia hata kwa simu yake kupitia ruta, bila intaneti. Mwenzetu wa Newala alitaka kila kitu kikae mtandaoni, tukamkumbusha Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini nchi nzima ikabaki inatazamana. Umeme ukikatika, betri inavuta kidogo. Jioni mpwa anatoa nakala kwenye flashi na kwenda nayo nyumbani.

Swali la Mama siku ya makabidhiano lilikuwa moja: "Na ikiharibika nimwite nani?" Hakuna sura ya ripoti inayojibu hilo, na nadhani ndiyo sababu programu nyingi za wanafunzi zinakufa likizo ya kwanza. Daftari bado liko, sharti la Mama ni daftari na programu viandikwe vyote viwili mpaka minada iishe. Mimi nina maombi ya kazi Dodoma ambayo nimeyakalia. Jumamosi naenda kumfundisha mpwa kurudisha data kutoka kwenye flashi kwenye mashine tupu. Akiweza mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa kwenye ile ndoo ya rangi bila kugusa kibodi, Jumatatu nayatuma.