Mia mbili za Mama

Mwaka 2016, kwetu Shela ya Malindi, Mama alinunua mtungi wa gesi wake mwenyewe. Kaka yangu alikuwa ameuuza usiku, Mama akaenda kuukomboa kwa aliyeuziwa, bila hata kumgombeza Kaka.

Asubuhi ya siku hiyo niliamshwa na harufu ya makaa, nikajua gesi imekwenda. Kaka alijikunja barazani, makamasi yanamtoka, vinyweleo vimemsimama, miayo haimwishi. Arosto, maumivu ya kukosa unga, yaani heroini. Aliyewahi kuishi na mtu wa unga hahitaji kuelezwa. Mama aliepua mahamri, akafungua pindo la leso, akampa mia mbili ya kete, kipakiti kimoja cha unga.

"Afadhali nimpe mimi, kuliko akaibe kwa watu wakamtie moto."

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwizi akishikwa mtaani, polisi mara nyingi hukuta kazi imeshakwisha.

Alasiri Mjomba akaja, habari imeshamfikia. Hata kahawa hakungoja. "Dada, duka la unga ni lako. Yule anayeuza ni karani wako tu. Mfukuze huyu kijana."

"Nimfukuze, halafu maiti yake mnibebee nyinyi?"

Mjomba akanyamaza. Kusema kweli ulimi wake ulikuwa mkali, lakini hajawahi kukesha na ndoo, kijana anatapika na kulia mifupa inamuuma.

Aliyetutoa hapo ni mama jirani, ambaye mwanawe alikuwa tayari "anakunywa dawa". Dawa yenyewe methadoni, ya kushika nafasi ya unga mwilini, hospitali ya Malindi ilianza kuitoa mwaka 2015. Ni ya maji, hulipi kitu, unainywa mbele ya muuguzi, na arosto haikugusi mpaka kesho yake. Kabla ya kuanzishiwa kuna ushauri na kupimwa. Akatuelekeza kwa watu wa Omari Project, ambao wamekuwa wakiwashughulikia vijana wa unga hapa mjini tangu miaka ya 1990. "Lakini mwenzangu, ni kila siku. Jumapili, Idi, mvua. Akikosa kwenda, jioni utamwona maskani, kwa wenzake wa unga."

Mama hakuuliza kama inaponya. Aliuliza, "Na nauli?"

Nadhani hapo Mjomba alikata tamaa kabisa. Kumbe Mama alikuwa ameshapiga hesabu. Kijana alipokubaliwa, Mama alipatana na dereva wa tuktuk wa mtaani: amchukue asubuhi, amfikishe mlangoni, malipo kila Ijumaa kwa mkono wa Mama. Kaka hashiki hata shilingi. Alitukana, akaupiga mlango teke, akaapa hatakwenda. Mama akamtia mahamri mawili kwenye gazeti, akamwonyesha tuktuk inayonguruma nje. Akapanda.

Mjomba alilalamika wiki nzima kwamba siku hizi mateja wanapanda tuktuk na wazee wanakwenda kwa miguu. Mama akamwambia nafasi ipo, apande tu, ila nauli ajilipie.