Kitunguu kisicho na kitunguu

Jumapili jioni, Arusha

Leo nimekata chaivu, yale majani membamba ya jamii ya kitunguu, kwa mara ya kwanza tangu yale mambo ya mama mkwe. Mpaka naandika hapa vidole bado vinanuka.

Sijawahi kuhangaikia mmea kama huu. Pakiti ya kwanza haikuota hata mbegu moja. Ilikuwa imelala kabatini zaidi ya mwaka, na mbegu za jamii ya vitunguu hazivumilii kukaa. Pakiti ya pili nikaimwaga kwenye ndoo iliyotobolewa, nikawa naichungulia asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili hivi vikachomoza vijani vyembamba kama uzi, vimejikunja mfano wa pini ya nywele, kila kimoja na ganda lake jeusi likining'inia nchani. Nilimwita mume wangu aje aone. Akaona, akarudi kwenye mpira.

Nikavihamishia karibu na bomba, kwenye udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza. Baridi ya huku inavifaa sana. Miaka mitatu baadaye kilikuwa kichaka kimoja kilichoshonana, kidole hakipenyi. Kwenye pakiti walichora maua ya zambarau. Mimi sijawahi kuyaona, na sidai, shida yangu ni majani.

Tatizo ni kwamba kichaka cha namna hiyo, baada ya miaka mitatu minne, kinataka king'olewe, kigawanywe, kipandwe upya. Changu kilishaanza kulalamika: katikati manjano, pembeni majani yamekonda. Mimi kila Jumamosi nasema wiki ijayo. Kitu ulichokipata kwa taabu hukipigi jembe hivi hivi.

Ndipo Mama, yaani mama mkwe, akaja kututembelea kutoka Kibosho. Mama hawezi kukaa kwa mtu mikono mitupu. Siku ya pili tu narudi kazini, ananipokea mlangoni:

"Pole na kazi, mwanangu. Nimekusafishia bustani. Pale bombani kulikuwa na ndago, ng'ang'anizi kweli!"

"Asante, Mama," nikasema. Ningesema nini?

Nilinuia kunyamaza. Lakini tukiwa kwenye chai akapeleka kiganja puani, akanusa, akanusa tena.

"Hizi ndago zako mbona zinanuka kitunguu?"

Ikabidi niseme. Mama akaweka kikombe chini. "Kitunguu? Mbona chini hakina kitunguu?"

Tukatoka na tochi ya simu mpaka kwenye lundo la mboji. Kichaka kilikuwa kizima, mizizi bado imekumbatia udongo. Nami nikaanza kukipapasa kwa huruma. Mama akaninyang'anya, akakipasua kwa mikono miwili, kisha akaendelea kuvitenga vipande kama anayetenga machipukizi ya mgomba, kila kipande na mashina yake saba au nane, meupe, hayazidi unene wa penseli. Tukapata vipande kumi na kimoja. Majani tukayapunguza nusu ili mizizi isielemewe, tukapanda kwa nafasi ya shubiri moja, tukamwagilia gizani. Kesho yake akavifunika kwa majani ya mgomba kukinga jua. Viwili vilikufa. Tisa vimenenepa kuliko kichaka changu kilivyowahi kunenepa.

Kwa hiyo leo nimechukua mkasi. Nashika fungu kama ninayesuka nywele, nakata nikibakiza vidole viwili juu ya udongo, maana ukikata mpaka chini kabisa unakichelewesha kuchipua. Jani ukilikata ni mrija, tupu ndani, na ukingoni panatoka tone la maji safi. Harufu yake ni ya kitunguu kilichoamka vizuri. Havipikwi, vikikaa motoni ladha inakwisha. Mimi navinyunyiza chakula kikishaepuliwa, kwenye mayai, kwenye viazi, na leo kwenye mtori.

Mama amepiga simu jioni. Kipande chake alichoondoka nacho kipo kwenye kopo, nyuma ya jiko lake.

"Ndago zako zinaendeleaje?"

"Hazijambo, Mama. Leo nimezikata, nimeweka kwenye mtori."

Kimya kidogo.

"Kwenye mtori?"