Buti za Karume, Kafi la Kunduchi

Mimi ni mtu wa kukaa. Kazi yangu ni vitabu vya hesabu, ghorofa ya sita, Kariakoo. Zoezi langu la miaka yote ni kugombea siti ya mwendokasi jioni. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani anayeandika ni kijana wa mbio za asubuhi Coco Beach.

Kikoba chetu cha akina mama wa Segerea kila mwaka kikivunjwa tunashona sare, tunakula pilau ukumbini, tunapiga picha, yameisha. Safari hii mwenyekiti akatusimamia na jasho linamtoka: "Jamani, joto hili la Desemba mtalivumilia na sare gani? Twendeni milimani." Tukacheka. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunachangia safari ya Lupanga, kilele cha milima ya Uluguru, kule Morogoro.

Basi kila mtu akageuka mtaalamu. Mmoja akasema tusile asubuhi, tutachoka. Mwingine akasema tusinywe maji njiani, tumbo litajaa (huyu simsamehe). Mpwa wangu ndiye aliyepita wote. "Shangazi, Lupanga ni kilima tu. Saa tatu mko juu, mchana mnakula wali mjini. Ila buti. Buti ndiyo kila kitu." Kumbe Lupanga yenyewe ameionea kwenye simu.

Nikaenda soko la mitumba la Karume. Muuzaji alikuwa na jozi moja inanisubiri: ngozi ya kahawia, kamba nyekundu, soli nene kama tofali. Akaigonga mezani, ko! ko! "Hii Mjerumani, dada. Utamrithisha mjukuu." Nikatoa elfu arobaini, au arobaini na tano. Nyumbani nilisema elfu kumi na tano, na nimeisema mara nyingi mpaka mwenyewe nachanganyikiwa.

Kufika Morogoro siku hizi si kazi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, ni kama saa mbili tu kutoka Dar, na daraja la kawaida nauli ilianza na elfu kumi na tatu. Tulilala pale Ijumaa, Jumamosi alfajiri tukalipia kibali cha hifadhi, tukapewa mwongozaji, tukaanza.

Ambacho mpwa wangu hakukisema ni hiki: mji wa Morogoro uko kwenye mita kama 500 kutoka usawa wa bahari, na Lupanga inapita mita 2,100. Yaani unapanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu, na njia yenyewe haina adabu ya kuzunguka, inakwenda moja kwa moja kama ngazi ya mnazi. Halafu Uluguru haijui kwamba ni kiangazi. Mvuke wa Bahari ya Hindi unakuja mpaka pale, unagonga mlima, unashuka maji. Chini jua linachoma, juu msituni ni ukungu na tope jekundu. Mwongozaji akatuambia Mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii, na Ruvu ndiyo inayoleta maji Dar. Mwenyekiti akalitazama lile tope kwenye magoti yake, akasema: "Kumbe ndiyo maana naoga kila siku na sitakati."

Kama saa tano hivi ndipo buti ya kulia ilipofungua kinywa.

Nilihisi kitu kinapiga kofi nyuma ya mguu. Nikageuka nikidhani ni tawi. Soli ilikuwa imeachia kisigino na inacheka. Nikaifunga kwa kamba ya kofia, nikaendelea. Hatua thelathini, ya kushoto nayo ikaachia, na hii haikuachia tu, ilimeguka. Vipande vyeusi vikawa vinabaki kwenye tope kama makombo ya mkate wa juzi. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akaanza kuviokota na kunipa kimoja kimoja. Mpaka leo sijui alitegemea nivifanyie nini.

Fundi viatu wangu wa Kariakoo alinieleza baadaye, na hili wanaonunua mitumba walishike: soli nyingi za buti za namna ile katikati zina tabaka la povu. Likikaa miaka mingi, unyevu wa hewa unalila taratibu, hata kama buti haijavaliwa. Kwa nje ngozi inang'aa, kwa ndani imekwisha kuoza. Kugonga mezani hakusaidii. Bonyeza kidole gumba kwa nguvu pembeni mwa soli. Ikiwa na nyufa ndogondogo, au ikitoa unga, mwachie Mjerumani wake.

Sasa nimekaa juu ya gogo, nina ngozi mbili nzuri za juu na chini sina kitu. Tukamsikia mtu anashuka. Mama wa Kiluguru, makamo yangu au kunizidi, tenga la njegere kichwani, mikono yote miwili huru, na miguuni yeboyebo za kijani. Anashuka pale tulipokuwa tunapandia kwa mikono na magoti. Akasimama, akanisalimu, akaitazama miguu yangu muda mrefu kwa heshima zote.

"Poleni. Mmevaa viatu vya nani?"

Akashusha tenga. Lilikuwa limefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akakata vipande viwili virefu. Akaniambia nivue soksi. Nikadhani anataka kuona malengelenge. Hapana: aliweka ngozi ya buti mguuni, akaweka kipande kikubwa cha soli kilichosalia, akazungusha mpira mara nne, halafu juu ya vyote akanivalisha soksi yangu. Soksi nje, kiatu ndani! Nilitaka kucheka, lakini niliposimama juu ya jiwe lenye ukungu, mguu ukashika kama umegundishwa. Soksi ya pamba haitelezi kwenye jiwe bichi kama plastiki inavyoteleza. Nilishuka hivyo mpaka chini, saa nne nzima, na sikuanguka hata mara moja. Waliokuwa na raba mpya walianguka wote. Mwenyekiti mara tatu, na ya tatu alikaa tu palepale akaagiza yai la kuchemsha.

Kilele sikukiona. Mama yule nilimpa elfu kumi akakataa, tukanunua njegere zake zote badala yake, tukazibeba wenyewe, jambo ambalo halikuwa la busara.

Wiki mbili baadaye watano kati yetu tulirudi, tukaenda Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani ubavuni mwa mlima. Njia nzuri, upepo mzuri, raba za kawaida, viazi vitamu na chai ya tangawizi kwenye chupa. Hakuna cha kusimulia.

Hapo ndipo mwenyekiti akapata wazimu wa pili. Dada yake anakaa Tengeru, karibu na Arusha, na pale kuna Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, watu wanapiga kafi, lile kasia fupi la mtumbwi. Mpwa wangu akasikia. "Kafi ni nguvu ya mikono tu, shangazi." Nikamwambia anyamaze na aniletee maji.

Safari hii niliapa kumuuliza mtu anayekula kwa kazi hiyo. Jumapili nikaenda Kunduchi kwa wavuvi. Kulikuwa na mzee anashona wavu chini ya mti wa mkungu, kofia ya kiua imefifia mpaka haina rangi. Shikamoo, marahaba, nikaeleza shida yangu. Akaniuliza mara mbili: "Unataka kupiga kafi usivue samaki?" Ndiyo, Babu. "Uende wapi?" Nizunguke tu, nirudi. Akatikisa kichwa, lakini akakubali, kwa sharti nije maji yakijaa na upepo wa kaskazi haujaamka, yaani alfajiri.

Jumapili iliyofuata nikaingia kwenye mtumbwi wake mdogo, usio na mrengu, ule mti wa pembeni unaouzuia usipinduke. Nilikaa juu kwenye ubao kama mtu aliyepanda daladala, nikachovya kafi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mtumbwi ukageuka. Nikavuta tena. Ukageuka tena. Nilizunguka palepale kama jiwe la kusagia, na vijana wa nyavu ufukweni wakaanza kuhesabu kwa sauti: "Saba! Nane!" Ya tisa nikasimama ili niwajibu.

Usisimame kwenye mtumbwi. Maji yalikuwa ya kifuani na nilikuwa na jaketi okozi, lakini chumvi niliyokunywa siku ile ingetosha sufuria ya ubwabwa.

Babu hakucheka. Alisubiri niteme, halafu akanifundisha mambo matatu ambayo sikuyasikia kwa mtu mwingine yeyote. Kwanza, piga magoti, matako yaegemee ubao, uzito ukae chini. Pili: "Usivute maji, mwanangu. Maji hayana mwisho. Chomeka kafi mbele kama unachomeka mti kwenye tope, halafu wewe ndiyo ujivute uifuate." Nilipolielewa hili, mikono iliacha kuuma, kumbe nguvu inatoka kiunoni. Kafi inaingia mbele ya goti, inatoka ikifika nyonga. Ukiipeleka nyuma zaidi unanyanyua maji bure.

La tatu ndilo la thamani. Kafi ikikaribia kutoka, geuza kifundo cha mkono wa juu, kidole gumba kitazame chini, bapa la kafi lisukume nje kidogo. Basi. Mtumbwi uliotaka kuzunguka unanyooka, na huhitaji kubadilisha upande kila mara kama mtu anayepepea nzi. Nilirudia asubuhi nne, Jumapili nne. Nikiwa peke yangu tezini, yaani nyuma, omo, yaani mbele, ilikuwa inainuka na upepo unaicheza, Babu akaweka mbele dumu la maji la lita ishirini. Ikatulia kama mtoto aliyenyonya.

Mwishoni mwa Februari tukapanda basi Mbezi alfajiri, elfu arobaini na kitu. Chalinze, Segera, Same, Moshi, siku nzima ya kukaa, na hapo nilikuwa bingwa. Msiende mpaka stendi ya Arusha kama mnakwenda Duluti. Shukeni Tengeru, ni njiani kabla ya mjini. Tulilala kwa dada wa mwenyekiti, na kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, wenzangu walipotelea kwenye ndizi na parachichi mpaka saa nane. Kwa hiyo tulifika ziwani wakati mbaya, upepo umeshaanza.

Ziwa lenyewe si kubwa, lakini uko juu kwenye mita karibu 1,300, hewa baridi, miti imeinama mpaka majini, kenge anaota jua kwenye gogo, na Meru kule nyuma imejifunga wingu kiunoni. Mwongozaji akatuambia kina chake ni mita 700, uso mkavu kabisa. Wawili wakarudi kukaa kwenye nyasi. Nimesoma baadaye kwamba watafiti walipopima walikuta kama mita 9. Sikuona sababu ya kuwaambia. Mita tisa kwangu zinatosha.

Mwenyekiti alitaka kukaa nyuma kwa sababu ya cheo. Tulibishana kidogo nikashinda: yeye mbele, uzito wake ndiyo dumu langu. (Hilo la dumu sikumwambia, naomba asisome hapa.) Vijana watatu waliokuja na mpwa wangu, kwa sababu naye alijialika, walichukua mtumbwi wa pili, wakaanza kwa fujo, mikono juu, maji yanaruka. Upepo ulipowapiga ubavuni wakageuka. Wakavuta zaidi. Wakageuka zaidi. Mimi nilipiga magoti, nikashika kando ya msitu ambako upepo haufiki, chomeka, jivute, gumba chini. Tuliwapita wakiwa kwenye mzunguko wao wa sita. Nilihesabu kwa sauti.

"Shangazi, umejifunzia wapi?" akapiga kelele.

"Kwenye simu," nikamjibu.

Niliporudi Dar nilimpelekea Babu mkungu wa ndizi za Tengeru. Aliniuliza habari za ziwa, nikampa zote: perege wamo, tai wapo, maji matamu hayana chumvi. Akataka kujua yanapwa saa ngapi. Nikamwambia hayapwi wala hayajai, yako vilevile asubuhi na jioni.

Akaacha kushona wavu. "Sasa wavuvi wa huko wanajuaje saa ya kurudi nyumbani?"