Panya wa dari walivyohama kwangu

Kwa miezi minne dari yangu pale Kahawa West, Nairobi, ilikuwa uwanja wa panya. Taa zikizimwa tu, mbio zinaanza, kutoka juu ya jikoni hadi juu ya kitanda changu.

Nilianzia kwa yule mchuuzi wa kipaza sauti, “dawa ya panya, ya mende, ya kunguni!” Dawa ilifanya kazi, na ndipo nikajuta. Wawili walifia juu ya chumba cha watoto, kwenye kona mkono usikofika. Siku tisa tulilala sebuleni, madirisha wazi, na ilikuwa Julai. Wiki mbili baadaye mbio zikarudi. Paka wa kuazima naye alikula, akalala.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa stima aliyekuja kubadilisha waya uliotafunwa. Meno ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo hutafuna chochote. “Mama, panda uone,” akaniambia. Mabati yana mawimbi, ukuta umenyooka: kila wimbi liliacha tundu la kupitisha vidole viwili. Upande mmoja tu nilihesabu matundu 36! Na panya mdogo wa nyumbani hatafuti mlango, milimita 6 zinamtosha. Juu ya hayo, tawi la mparachichi lilikuwa limelalia paa kama daraja.

Tawi tulilikata hadi likawa zaidi ya mita moja kutoka kwenye mabati. Kisha nikanunua wavu mgumu wa matundu madogo, ule wa kuanikia kahawa. Wavu wa kuku ni hasara, wachanga wanapenya. Fundi akaukunja, akausukuma ndani ya kila wimbi, akapiga simiti. Kando ya mabomba tulishindilia waya wa kusugulia sufuria, simiti juu yake. Awali shemeji alikuwa ameniletea povu la kopo la kuzibia. Walilitafuna usiku mmoja.

Tundu la juu ya jikoni tuliliacha makusudi. Ukiziba yote panya wakiwa ndani, watakufa humo au watatoboa dari washuke kwako. Hapo nikaweka mitego sita ya kubana, yenye siagi ya karanga, ikigusa ukuta maana panya hupita kandokando. Siku mbili za kwanza sikuitega, niliwaacha wale chambo, wazoee. Usiku wa tatu nikapata wanne, wa nne mmoja. Kisha nikanyunyiza unga kwenye tundu. Asubuhi tatu zilipopita bila alama ya mguu, likazibwa.

Kinyesi sikukifagia kikavu, vumbi lake huleta magonjwa. Nilivaa barakoa na glavu, nikakilowesha kwa maji ya klorini, nikangoja dakika kumi ndipo nikakipangusa.

Yote yalinigharimu Sh5,200, fundi akiwemo. Sasa jirani wa ploti ya pili ananiuliza kama mimi pia nasikia mbio usiku. Nimempa namba ya fundi. Habari ya walikotoka wageni wake sijamwambia.