Zamu ya Mchana Wodini, Msimu wa Mvua Darwin

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu wodi ya watoto hapa Darwin, kaskazini mwa Australia. Mvua imepiga usiku kucha. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kidonda cha mtoto kisichopona hatukipuuzi: bakteria wa udongoni, Burkholderia pseudomallei, huibuka na mvua na kupenya kwenye michubuko. Ugonjwa wake ni melioidosisi, na kwa watoto ni nadra hata huku.

Saa 3:00. Mvulana wa miaka sita ameletwa na bibi yake kutoka Katherine. Hana homa, anakula vizuri, hatulii kitandani. Kidonda kiko juu ya kifundo cha mguu, hakifiki sentimita mbili, kingo zimeiva wekundu na usaha kidogo katikati. Ukikitazama tu utampa dawa aende zake. Lakini kina wiki tatu, na dozi ya antibiotiki ameshaimaliza. Nauliza anachezea wapi. Mtaroni nyuma ya nyumba, bibi anasema, peku, mvua ikinyesha.

Basi.

Saa 4:30. Tunachukua usaha, damu, mkojo, swabu ya koo na ya njia ya haja kubwa. Kwenye fomu naandika "melioidosisi?" kwa herufi kubwa. Maabara isipoambiwa, bakteria huyu huweza kudhaniwa uchafu wa sampuli na kutupwa.

Saa 8:00 mchana. Maabara wanapiga simu kuhusu binti tuliyemlaza juzi: kwenye sahani ya Ashdown, chakula maalumu cha kuoteshea bakteria huyu, zimeota koloni (vikundi vya bakteria) za zambarau, zimekunjamana kama shati lisilopigwa pasi. Ndiyo yenyewe. Anaanza antibiotiki ya seftazidimu ya mshipa, angalau wiki mbili, kisha Septrin miezi mitatu. Ndiyo, Septrin ileile ya kwetu. Jentamisini, kimbilio letu kule nyumbani kwa kutibu watoto wachanga, hapa kwa kawaida haifui dafu. Mama yake kilichomshtua si sindano, ni hiyo miezi mitatu.

Saa 9:30. Nakabidhi zamu kwa mwenzangu aliyewahi kufanya kazi Kambodia. Kule, anasema, watoto wengi huja na shavu limevimba upande mmoja, ukadhani matubwitubwi. Huku ni ngozi zaidi. Namwachia mvulana: picha ya kifua safi, ultrasaundi ya tumbo bado, na asiruhusiwe kuondoka kabla usaha haujajibiwa, hata bibi akibembeleza vipi.